Mtani wa Viatu Vyeupe

Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliugua ugonjwa ambao masista wa hospitali hawakuwa na dawa yake. Uliitwa Sandarusi.

Msicheke. Ninyi mnao wenu, mnawabandika ukutani mpaka rangi inabanduka. Wangu mimi alikuwa mtu wa sinema, na hapa Ifakara miaka ile, kabla ya Uhuru, sinema ilikuwa gari la serikali linalokuja mvua zikiisha na kusimama uwanja wa mpira. Walitundika shuka kubwa jeupe kati ya nguzo mbili, jenereta ikaanza kunguruma, nasi tukakaa chini kila mtu na mkeka wake. Kwanza walituonyesha namna ya kuchimba choo. Tulivumilia, kwa sababu tulijua baada ya choo anakuja Sandarusi, mshamba wa viatu vyeupe aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza, anayeanguka juu ya kila kitu kinachoweza kuangukiwa. Aliangukia toroli la machungwa. Alianguka kwenye ngazi, akainuka, akazipigia ngazi shikamoo. Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka, halafu nikalia, nikarudi nyumbani sina hamu hata ya kula.

Picha yake niliipata kwenye gazeti alilofungia sukari Mwinyimvua mwenye duka. Niliikata nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la shule, nikawa naiamkia kila asubuhi kabla sijamwamkia mtu yeyote mwenye pumzi. Maneno yake yote niliyajua. Nikitumwa maji natembea kama yeye, na nikijikwaa naanguka kama yeye, ndoo na maji yake. Shangazi Natalia aliniambia nikiendelea hivyo nitakuja kuolewa na shuka jeupe.

Aliyeudhika hasa ni babu yangu Apolinari, mchonga mitumbwi. Babu alikuwa na mguu wa kulia uliogeukia nje, tangu sanduku la risasi lilipomwangukia akiwa mpagazi wa Wajerumani katika vita vile vya kwanza, hivyo alitembea kama mtu anayekwenda kanisani huku mguu mmoja unataka kwenda kilabuni. Alisema haelewi kwa nini tunamshangilia mtu anayelipwa ili aanguke.

"Mimi naanguka bure kila siku," alisema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyenitundikia shuka."

Kitu alichokipenda babu ni bata wake. Kila asubuhi, akishafungua banda, aliwahesabu kwa Kijerumani, ainsi, zwai, drai, ndicho alichotoka nacho vitani pamoja na ule mguu. Na kila asubuhi alikuta bata mmoja hayupo. Hapo msako unaanza. Atachungulia uvunguni mwa kitanda, atafunua chungu, atamwinua mgeni kwenye kigoda. Mwisho anasimama mbele ya bibi yangu Eufrasia anayechochea moto, anamuuliza kwa ukali, "Mama Ildefonce, umemkalia bata wangu?" Na bibi, bila kuinua uso, anamjibu, "Nimemla, pamoja na manyoya." Basi babu anaridhika, anachukua tezo yake anakwenda zake kuchonga. Miaka yote niliyoishi nao sikuona asubuhi iliyokosa maneno hayo. Na sikuwahi kuyacheka hata siku moja, maana kicheko changu chote nilikuwa nimemwekea mtu mwingine.

Sasa mwaka ule gari la sinema likaja na Sandarusi mwenyewe, mtu wa nyama na damu. Walikuwa wanapita kwenda Lupiro na Mahenge, lakini mto ulikuwa bado umejaa na pantoni ilikuwa imekatika kamba, basi wakakwama hapa kwetu wakingoja. Jioni ya kwanza alisimama mbele ya shuka akapunga mkono, na kipaza sauti kikatuambia kwamba jina lake la kweli ni Valeriani, Mngoni wa Songea.

Mngoni, jamani. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki kutukanana kwa mapenzi, na Mngoni akinikuta nakula anaweza kuninyang'anya sahani nami sina ruhusa ya kukasirika. Nilipolisikia lile neno nilimfinya dada yangu mkono mpaka akaniuma. Niliona Mungu mwenyewe amepanga, Sandarusi ni mtani wangu.

Babu alikufa wiki hiyohiyo. Hakuugua. Bata walilia bandani mpaka jua likachomoza, hakuna aliyewafungulia, ndipo tukajua kuna jambo.

Bibi hakulia. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akatazama mbele. Hakula, hakunywa, hakumjibu mtu. Alikuwa ametoka tu kuumwa homa, mifupa ya shingo imetokeza, na asubuhi iliyofuata, tukiwa tunangoja ndugu zetu kutoka Sanje wafike tuzike, midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mama alimpelekea maji, akayaacha yakapoa mbele yake. Nilimsikia mama akimnong'oneza baba kwamba tusipoangalia tutachimba makaburi mawili. Niliogopa. Bibi ndiye aliyenilea, na nyumba ile bila yeye nisingejua hata pa kukaa.

Kwetu kazi ya kumrudisha mfiwa duniani ni ya mtani. Mtani huchimba kaburi huku anamtukana marehemu kwamba amekuwa mzito makusudi. Wakishazika, anavaa koti la marehemu, anaiga sauti yake na mwendo wake na tabia zake mbaya, mpaka mjane acheke bila kupenda. Akishacheka, ataweza kulia, na akishalia atakula. Kabla ya hapo hakuna anayemlazimisha. Na mtani akimaliza kazi ana haki ya kuondoka na kitu kimoja cha marehemu, kofia au kisu, wala haombi. Mtani wa nyumba yetu alikuwa Nikodemu, fundi seremala, Mngoni aliyejua kuiga hata kikohozi cha babu. Lakini Nikodemu alikuwa amekwenda Songea kwao, na yeye kafiwa. Baba yangu Ildefonce akakaa na wazee wakijiuliza watampata wapi Mngoni mwingine siku ileile.

Nikasimama mbele ya wazee, mimi mtoto wa kike, nikasema yupo. Nikasema yupo Sandarusi, na atakuja, na Ifakara nzima hakuna anayejua kuchekesha kama yeye. Shangazi Natalia alinivuta gauni nikae. Baba akaniuliza nimejuaje kwamba atakuja. Nikasema namjua.

Tulimkuta kwenye nyumba ya wageni ya serikali, amekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na dereva wake Salimu anampaka viatu vile chokaa. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia marahaba akiwa anatazama beseni. Alikuwa mfupi kuliko kwenye shuka, na uso wake haukuwa na habari yoyote. Baba alishika kofia yake mkononi, akaeleza kila kitu vizuri, kifo, bibi asiyekula, Nikodemu asiyekuwepo, utani wa tangu mababu.

"Mzee," Sandarusi akasema, "mimi si mtani wa mtu. Mimi ni mwigizaji."

Baba akamuuliza kwa upole kama hao nao ni ukoo mwingine wa Wangoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamtania. Salimu dereva, mtu wa pwani, akaacha kupaka viatu, akasema kwao mtani akiitwa msibani haulizi mara mbili, na mtu anayekataa anajitafutia kuzikwa kimya. Sandarusi alivuta pumzi kama mtu aliyeambiwa abebe gunia. Akakubali, lakini kaburi hatachimba, kwa sababu ya viatu. Atakuja tukishazika. Njiani nilimwambia baba kwamba miguu ndiyo kazi yake, lazima aitunze. Baba akavaa kofia yake, akaongeza mwendo.

Kaburi likachimbwa na majirani, kimyakimya, hakuna wa kumtukana babu hata kidogo. Tukazika. Tuliporudi uani bibi alirudi palepale ukutani. Saa za alasiri Sandarusi akaja, viatu vinameremeta, na nyuma yake watoto wote wa Ifakara, kelele tupu, kana kwamba ni harusi. Wazee wakajisogeza kumpisha. Walikuwa wanangoja aingie kama mtani anavyoingia, akipiga yowe kwamba mwizi huyu amekufa na nyama yangu tumboni, nirudishieni nyama yangu. Koti la babu na kofia yake ya pama vilikuwa vinamngoja mlangoni, kwenye msumari.

Hakuvitazama. Alimuuliza baba asimame wapi. Akauliza jua liko upande gani. Kisha akafanya yale ya sinema. Alitembea ule mwendo wa mshamba, akajikwaa kwenye kinu, akaanguka, akainuka, akakipigia kinu shikamoo. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Watu wazima wakamtazama. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanasubiri aanze. Akadhani hawakuona vizuri, akaanguka tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kinu kikapinduka.

Hapo bibi akageuza macho. Alimtazama Sandarusi pale chini, akamtazama mama yangu.

"Mzuieni huyo kijana," akasema kwa sauti ndogo. "Ataumia."

Akarudi kutazama mbele.

Niliona aibu, nayo haikuwa yangu, ilikuwa ya Sandarusi, nikawa namhurumia. Alikuja akasimama pembeni karibu na banda la bata, anajipangusa vumbi, nami nikakimbia nikamletea maji ya kunywa kwenye kata. Alikuwa anamwambia Salimu, wala hakushusha sauti, "Watu wa huku hawajui kucheka. Pantoni ikitengenezwa leo, tuondoke leo." Akaichukua kata mikononi mwangu bila kunitazama, akayamwaga maji yale kwenye kiatu, akakisugua kwa kidole mpaka kikatakata, akanirudishia kata tupu. Alikuwa hajauliza hata jina la marehemu.

Nilikasirika. Masikio yaliniwaka. Nilisimama na ile kata nikiwakumbuka wazee niliowaambia namjua, nikamwona bibi pale ukutani na ile midomo yake, na bata nyuma yangu wakaanza kulia. Walikuwa hawajafunguliwa tangu jana.

Nilikwenda mlangoni nikavaa koti la babu. Lilinifika magotini, linanuka tumbaku na utomvu wa miti. Nikavaa pama. Nikaugeuza mguu wa kulia nje, nikatembea mpaka bandani, nikafungua mlango, bata wakatoka wakiburuzana. Nikaanza. Ainsi. Zwai. Drai. Sauti ilitoka ya babu, hata mimi ilinishtua, sijui ilikuwa imekaa wapi siku zote nilipokuwa namwiga mtu mwingine. Nikahesabu mpaka mwisho, nikatikisa kichwa. Bata mmoja hayupo.

Shangazi Natalia aliinuka kuja kunishika, mtoto wa kike amevaa nguo za marehemu mbele za watu. Baba akamzuia. Akasema mjukuu ni mtani wa babu yake tangu dunia iumbwe, tumehangaika kumtafuta Mngoni na mtani tunaye ndani ya nyumba.

Basi nikamsaka yule bata. Nilifunua vyungu. Nilimwinua katekista kwenye kigoda nikatazama chini, nikamkagua na mifuko, kwa sababu babu hakuwahi kumwamini katekista. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha wakashindwa kujizuia. Mzee mmoja rafiki yake babu alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, anasema ndiye, ndiye huyo. Wale watoto waliokuja kumwona Sandarusi wakageuka wote upande wangu. Nami nikachechemea mpaka kwenye mkeka wa bibi, nikasimama mbele yake. Nilijua asiponijibu hakuna mwingine wa kujaribu.

"Mama Ildefonce," nikasema, "umemkalia bata wangu?"

Bata tu ndio waliosikika uani. Bibi hakuinua uso.

"Nimemla," akasema. "Pamoja na manyoya."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mara moja, kisha kikavunjika akalia, akalia kilio chote alichokuwa amekikalia tangu jana, akanishika koti kwa mikono miwili. Tulilia naye ua mzima. Alipotulia akasema koo limemkauka, hakuna hata uji katika nyumba hii? Mama alikimbia jikoni akasahau khanga yake chini. Bibi akanywa bakuli zima, akaomba la pili, na mimi nimekaa ubavuni kwake na pama la babu likinifunika macho.

Sandarusi alikuwa amesogea. Nilipokwenda kuwafungia bata nilimkuta ananitazama miguu, kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa cha mtu mwingine. Akaniuliza ni mguu gani uliokuwa unageuka, na unageuka kabla ya kukanyaga au baada. Ukiacha ile marahaba, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia mimi, Tekla, niliyemwamkia kila asubuhi ndani ya sanduku.

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia. "Kaburi hukuchimba, lakini njia unaiona."

Akacheka, na hicho kilikuwa kicheko cha kweli, nilikiona. Pantoni ilitengenezwa, wakavuka. Ile picha niliibandua, ikatoka na rangi ya sanduku, na palipobaki alama nikabandika ratiba ya masomo.

Mwaka uliofuata gari likarudi, bila yeye, lakini na sinema yake mpya. Sikutaka kwenda. Bibi ndiye aliyetaka, alikuwa amenenepa kidogo na alisema amechoka kutazama moto. Tukatandika mkeka. Wakatuonyesha choo. Kisha akatokea Sandarusi, viatu vyeupe vilevile, na mguu mmoja umegeukia nje.

Alikuwa na kuku. Akawahesabu kwa Kiingereza, akakuta mmoja hayupo. Akachungulia uvunguni, akafunua masufuria, akamwinua mzee mmoja kwenye kiti. Uwanja mzima ulikuwa unagaragara kwa kicheko, na nyuma yetu nikasikia watu wakiitana, jamani huyu si mzee Apolinari? Akafika kwa mke wake wa kwenye sinema, akamuuliza kwa ukali kama amemkalia kuku wake. Mwanamke akapiga kelele akaruka juu, na chini yake kumbe kuna yai. Watu walicheka mpaka wengine wakaangukiana.

Mimi nilikuwa nimekasirika. Baba alikuwa ameshasimama anataka kwenda kwenye gari kumshika yeyote atakayemkuta. Nikamtazama bibi. Hakuwa anacheka wala hakuwa analia. Midomo yake ilikuwa imetikisika kidogo, na nilijua imejibu nini.

"Kaa chini, Ildefonce," akasema. "Mtani ana haki ya kuondoka na kitu cha marehemu. Lakini huanza na jembe." Akamtazama tena yule mtu kwenye shuka, akichechemea kwenda zake. "Tena amekosea. Yule anageuza wa kushoto."

Akaniambia nikunje mkeka. Tulitoka mimi na yeye katikati ya watu, tukashika njia ya nyumbani, vicheko vikawa vinapungua nyuma yetu mpaka tukasikia vyura tu mashambani. Tulipofika mahali ambapo hakuna mtu bibi akasimama. Mwezi ulikuwa unatosha. Akachukua mkeka kichwani kwangu, akaushika mwenyewe.

"Hebu tangulia, Tekla," akasema. "Tembea, nimwone."

Nikaugeuza mguu wa kulia nje, nikatangulia mpaka nyumbani.